"Baba, Naogopa": Namna ya Kuomba Bila Kuficha Kitu

Kwa miaka 11 nilikuwa mtu wa kufungua kwa maombi. Kikao kikitaka kuanza, kiongozi aliangaza macho huku na huku, kisha yakatua kwangu. Nilikuwa na maneno. Nilijua mahali pa kupandisha sauti na mahali pa kuishusha, nilijua mstari upi wa Zaburi uingie wapi, na nilijua ni lini watu wangeitikia "Amina". Walitoka wakisema wamebarikiwa, na ninaamini walisema kweli.

Kisha mume wangu akapata kiharusi.

Usiku wa kwanza hospitalini nilikaa kando ya kitanda chake. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala juu ya shuka kama si wake. Nikainama nikaanza kama nilivyozoea: "Mwenyezi Mungu, Mfalme wa wafalme, uketiye mahali pa juu palipoinuka..." Katikati ya sentensi nikaisikia sauti yangu. Ilikuwa ile ile ya kwenye kipaza sauti. Kila neno nililosema lilikuwa kweli juu ya Mungu, lakini hapakuwa na hata moja lililotoka kwangu. Nikanyamaza. Nikaushika ule mkono usioshika, nikakaa hivyo muda mrefu, mpaka nikasema: "Baba, naogopa."

Basi. Sikuongeza kitu usiku ule. Nimeomba maombi mengi maishani, lakini lile ndilo nahesabu kuwa la kwanza, na haya ninayokuandikia nilijifunza kuanzia hapo.

Neno moja lenye mambo mawili

Waebrania 4:16 inatuambia tukikaribie kiti cha neema kwa ujasiri. Nilikuwa nikisoma mstari ule nikidhani ujasiri ni kifua: usimame imara, usitetemeke, udai. Baadaye nikajifunza kwamba neno la Kigiriki lililotumika pale ni parresia, na asili yake ni "kusema yote". Wagiriki wa kale walilitumia kwa habari ya raia aliye huru, mwenye haki ya kusimama mbele ya mkutano na kusema lililo moyoni mwake bila kuficha.

Ukilielewa hivyo, unyofu na ujasiri haviwi tena masomo mawili. Anayeomba kwa ujasiri ni yule asiyeficha. Mwoga anaficha, tena anaweza kuficha kwa maneno mazuri na kwa sauti kubwa, kama nilivyofanya mimi.

Na ruhusa ya kusema yote haitoki kwetu. Mstari wa 16 unaanza na "Basi", maana yake unaegemea uliotangulia, unaosema tuna Kuhani Mkuu anayechukuliana nasi katika mambo yetu ya udhaifu. Zamani kuhani mkuu aliingia Patakatifu pa Patakatifu, chumba cha ndani kilichokuwa nyuma ya pazia, mara moja kwa mwaka, peke yake, na hakuingia bila damu. Yesu alipokufa, Mathayo 27:51 inasema pazia la hekalu lilipasuka vipande viwili toka juu hata chini. Toka juu. Kwa hiyo ukijiona huna ujasiri, usijikaze ili uupate. Mtazame aliyefungua mlango, kisha ingia ukiwa hivyo hivyo ulivyo.

Anza na sentensi iliyo kweli

Kabla hujataja sifa za Mungu, kabla ya shukrani, jiulize: nina nini sasa hivi? Kisha mwambie kwa sentensi moja. "Nimechoka." "Nina wivu na mdogo wangu." "Sina hamu ya kuomba, nimekuja kwa sababu ni saa ya kuomba." Ukishindwa kuipata, iandike kwenye karatasi. Kwangu mimi dalili ni hii: kama ningeona aibu mshirika mwenzangu akiikuta karatasi hiyo, basi mara nyingi ndiyo sentensi yenyewe.

Sisemi sifa na shukrani hazina mahali. Zina mahali pakubwa. Nasema tu kwamba kwa wengi wetu zimekuwa pazia tunalolishona upya baada ya Mungu kulipasua.

Huenda unaogopa kwamba ni kumkosea Mungu heshima. Fungua Zaburi ya 13: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Hayo yamo katika kitabu cha sala cha watu wa Mungu, na yalikusudiwa kuimbwa. Zaburi ya 88 inakwenda mbali zaidi. Inaanza na kilio na inaishia gizani, bila mstari hata mmoja wa kupoza mwishoni, na hakuna aliyethubutu kuuongeza. Mimi niliiomba Zaburi ile kwa wiki kadhaa, kila jioni, kwa sababu ilikuwa imefika mahali nilipokuwa.

Kuna mpaka, lakini, na nauona hapa. Kumbukumbu la Torati 1:27 inasema Waisraeli walinung'unika hemani mwao. Waliongea habari za Mungu, tena maneno mabaya, wakiwa wamemfungia nje. Daudi naye alikuwa na maneno makali, ila aliyapeleka kwa Mungu mwenyewe. Ukiwa na lawama, itoe hemani uipeleke mbele zake. Ikishafika huko iko salama, na wewe pia.

Dhambi nayo iseme hivyo hivyo. Augustino, mwalimu wa Kanisa la kale, anakiri kwamba katika ujana wake alimwomba Mungu ampe usafi wa mwili, lakini si sasa hivi. Watu husoma maneno hayo wakatabasamu. Mimi nayaona kuwa mwanzo mzuri kabisa, maana ni wangapi tumeomba "nitakase" huku moyo ukisema "subiri kwanza", na ile sehemu ya pili hatukuitamka kamwe? Itamke. Sema, "Bwana, jambo hili nalipenda bado." Mtoza ushuru wa Luka 18 hakuwa na ombi refu: "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi." Akashuka kwenda nyumbani kwake amehesabiwa haki.

Omba kitu chenye jina

Bartimayo alikuwa kipofu, na kila aliyekuwa njiani alijua. Hata hivyo Yesu alimsimamisha akamwuliza, "Wataka nikufanyie nini?" Nilikuwa nikijiuliza swali la nini pale ambapo jibu linaonekana. Siku hizi naona kwamba alikuwa anamtoa Bartimayo kwenye kilio cha jumla. Mara ya kwanza alipaza sauti akasema, "Unirehemu." Mara ya pili alisema, "Mwalimu wangu, nataka nipate kuona." Hilo la pili ni zito zaidi kulisema, kwa sababu baada yake ama unaona ama huoni.

Hapa ndipo wengi tunapokwepa. Tunaomba "utubariki", "uwe pamoja naye", "utende sawasawa na wema wako", maneno ambayo hata jibu likija hatutalijua, na lisipokuja hatutaumia. Tunajikinga tusivunjike moyo. Wengine, kama mimi, tunadhani tunamkinga Mungu asije akaonekana ameshindwa. Hahitaji kukingwa.

Fanya hivi. Chukua daftari. Andika tarehe, kisha ombi moja kwa sentensi fupi, na kando yake jiulize: likijibiwa, nitajuaje? Kama huwezi kujibu, ombi lako halijapata jina bado, lirudie. Mimi niliandika "umponye mume wangu". Nikajiuliza swali langu mwenyewe, nikaona sijui ninaomba nini. Nikafuta nikaandika: "Atamke jina langu." Mstari wa pili: "Afunge mwenyewe kifungo cha shati kwa mkono wa kulia." Mkono wangu ulitetemeka nilipokuwa naandika, kwa sababu sasa nilikuwa nimeomba kweli.

Usiogope kwamba jambo ni dogo mno. Usiogope pia kwamba ni kubwa mno. Ibrahimu aliuombea mji mzima wa Sodoma, kwamba usiangamizwe wakipatikana humo wenye haki, akaanza na 50, akashuka 45, 40, 30, 20 mpaka 10, na alipoanza kushuka alijiita mavumbi na majivu, lakini hakuacha kushuka. Nyenyekea kama yeye, na uendelee kuomba kama yeye.

Habari ya sauti

Nitasema kwa kifupi, maana jambo hili limegombanisha watu bila sababu. Hana alipoomba hekaluni midomo yake ilitikisika tu, sauti haikusikika, na kuhani Eli akamdhania amelewa. Bartimayo alipiga kelele mpaka watu wakamkemea anyamaze. Wote wawili walisikiwa. Ukilia kwa sauti kwa sababu moyo umejaa, lia. Ukipaza sauti ili moyo uonekane umejaa, pumzika kidogo, kisha useme taratibu lile lililo kweli. Hana alimjibu Eli: "nimemimina roho yangu mbele za BWANA." Kumimina ndiko kipimo, na chombo humiminwa kwa kelele au kimyakimya.

"Mapenzi yako yatimizwe" inakaa wapi?

Nilipokuwa mtu wa kufungua kwa maombi, maneno haya niliyaweka mapema, ombi likiwa bado halijatoka vizuri. Yalikuwa mlango wangu wa nyuma. Lakini soma Marko 14:36 taratibu uone mpangilio. Kwanza Yesu anamwita Mungu: "Aba, Baba." Kisha anakiri uwezo: yote yawezekana kwako. Kisha anaomba wazi, bila kuzunguka: "uniondolee kikombe hiki." Halafu ndipo anasema, "walakini, si kama nitakavyo mimi, bali utakavyo wewe." Mathayo anatuambia aliomba hivyo mara tatu.

Kwa hiyo usikabidhi kitu ambacho hujakishika. Sema kwanza unachotaka, chote, mpaka kikuume kukisema. Kisha kikabidhi. Anayekabidhi kabla ya kuomba mara nyingi amekata tamaa tu, akaipa kukata tamaa kwake jina la utii.

Unapomwombea aliyekuumiza

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo maombi yangu yalipokwama kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Miezi michache baada ya kiharusi, mtu niliyemwamini sana, tuliyekuwa tukiomba pamoja, alisema mahali fulani kwamba ugonjwa wa mume wangu ulitokana na dhambi iliyofichwa nyumbani kwetu. Maneno yakanifikia. Mimi najua Maandiko, najua Marko 11:25 inasema kila tusimamapo na kusali tusamehe. Basi nikaomba kama inavyopasa: "Bwana, nimemsamehe dada yangu, mbariki." Nilisema hivyo kila asubuhi, na kila nilipomwona kwa mbali tumbo lilikaza nikageuza njia.

Asubuhi moja nikakumbuka usiku wa hospitalini. Nikasema: "Baba, sijamsamehe. Sitaki kumsamehe. Nataka naye aumie ajue." Nilisema hayo nikiwa nimesimama jikoni nimeshika kitambaa cha kufutia vyombo, nikakikamua mpaka vidole vikauma. Nikangoja nihukumiwe. Haikuja hukumu. Kilichokuja ni machozi, na baada ya machozi swali: je, ungependa kutaka? Nikajibu kweli: kidogo. Basi nikaomba hilo kidogo. "Nipe kutaka kumsamehe."

Niliomba hivyo kwa majuma mengi. Sikumwambia Mungu nimesamehe mpaka siku nilipokuwa nimesamehe. Njia ni hii, ikiwa uko mahali kama pale: mwambie Mungu kiasi halisi ulichofikia, usiongeze hata hatua moja, kisha mwombe hatua inayofuata. Yule baba wa Marko 9 alifanya vivyo hivyo alipolia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Hakudai imani asiyokuwa nayo, na mwanawe akaponywa.

Mawazo yakitangatanga

Yatatangatanga. Mwaka 1535 Martin Luther, yule mwanamatengenezo wa Kanisa, alimwandikia kinyozi wake, Peter, namna ya kuomba, akamkumbusha kazi yake mwenyewe: kinyozi mwema huweka macho na mawazo kwenye wembe na nywele, maana akipiga soga huku anaangalia kando anaweza kumkata mtu pua. Mfano huo umenisaidia. Lakini kuna jambo jingine alilomshauri ambalo limenisaidia zaidi: ukiwa katikati ya sala uliyoipanga, wazo jema likakujia kwa nguvu, acha sala uliyoipanga usikilize.

Kwangu limekuwa hivi. Wazo likinitoa kwenye maombi mara tatu, siligombezi tena. Naligeuza kuwa ombi. Kama ni deni, naombea deni. Kama ni mtoto hajapiga simu, naombea huyo mtoto. Mara nyingi nagundua kwamba lile nililoliita usumbufu ndilo lililokuwa moyoni, na yale niliyoyaita maombi yalikuwa yamekaa juu juu.

Mkiwa wengi

Katika kikundi chetu tuliweka utaratibu mmoja: raundi ya kwanza kila mtu anaomba sentensi moja tu, kwa lugha anayoongea nyumbani kwake kila siku, na haruhusiwi kurudia sentensi ya mwenzake. Majuma mawili ya kwanza palikuwa na ukimya mrefu. Juma la tatu kijana mmoja, ambaye hakuwahi kuomba mbele ya watu, akasema, "Bwana, nisaidie nirudi shule." Sentensi hiyo ilifungua kikundi kizima. Kumbe wengi walinyamaza miaka yote kwa sababu walidhani lazima waombe kama mimi. Liliniuma sana kulijua, na nikawaomba radhi.

Na msiombe faraja tu. Katika Matendo ya Mitume 4 waamini walikuwa wametishwa na wakuu. Walimwambia Bwana ayaangalie yale matisho, lakini hawakuomba yaondoke. Waliomba wajaliwe kunena neno lake kwa ujasiri wote. Neno pale ni lile lile, parresia. Waliosema yote mbele za Mungu wakaomba nguvu ya kusema yote mbele ya watu.

Ukikosa maneno kabisa

Kaa. Usiondoke, kaa tu. Warumi 8:26 inasema Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, na aliyeandika hayo alijua kwamba hatujui kuomba jinsi itupasavyo. Kama kukaa kimya kunakuwia vigumu, shika maneno mawili ya Petro akizama: "Bwana, niokoe." Hakuwa na muda wa zaidi, wala hayakuhitajika zaidi.

Nimemwona mtu akiomba bila maneno. Mume wangu alikaa miezi mingi hawezi kutamka kitu kinachoeleweka. Kila usiku nilikuwa naomba kwa ajili yetu wote wawili, nikiwa nimeshika ule mkono, naye alinitazama midomo. Usiku mmoja nilipomaliza akakunja uso kwa bidii, akavuta pumzi, akatoa: "Mina." Nusu ya amina. Tangu hapo hajawahi kuiacha.

Jibu likichelewa

Rudia. Rafiki wa usiku wa manane, katika Luka 11, alipewa kwa vile asivyoacha kuomba, na neno la Kigiriki lililotumika pale limebeba maana ya kutokuwa na haya. Mjane wa Luka 18 alirudi kwa kadhi mpaka akamchosha, na Yesu alitoa mfano ule kwa kusudi kwamba tumwombe Mungu sikuzote wala tusikate tamaa. Rudia ukiwa na daftari mbele yako, utaje jambo lile lile kwa jina lile lile. Siku ukichoka kulitaja, mwambie umechoka. Hiyo nayo ni sentensi ya kweli.

Lakini sikiliza pia. Paulo aliomba mara tatu ule mwiba uliomtesa mwilini umtoke, akajibiwa, "Neema yangu yakutosha." Lilikuwa jibu, naye akalipokea. Mimi sijapewa neno kama hilo kuhusu yale niliyoyaandika, kwa hiyo naendelea.

Mstari wa kwanza wa ukurasa ule una alama ya vema na tarehe. Ilikuwa asubuhi, nilikuwa nafungua dirisha, akaniita kwa jina langu, herufi zote. Mstari wa pili haujapata alama. Kila asubuhi anakaa ukingoni mwa kitanda, nampa shati, namwacha ajaribu kifungo cha juu kwa mkono wa kulia, na wakati anajaribu mimi naomba kwa sauti, nikikitaja. Vidole vinafika, vinagusa, vinateleza. Nikimaliza anasema "Mina", kisha namfungia.